Daktari anatafuta nini shingoni mwako? Mshipa wa shingo na afya ya moyo



Katika toleo hili tunazungumza juu ya kipimo kimoja ambacho hakina sindano wala mashine. Daktari au muuguzi anakulaza nusu, anakuomba ugeuze kichwa kidogo, halafu anatazama shingo yako kimya kwa dakika moja au mbili. Wengi wetu tumefanyiwa hivyo bila kujua sababu. Wengine wanaogopa. Wengine wanasema daktari huyo hana kazi, maana walizoea kusikilizwa kifuani tu. Lakini shingo inaweza kueleza hali ya moyo, na mtu anayejua kuitazama anaweza kuokoa maisha.

Tutaeleza kipimo hicho ni nini, kinafanyikaje, kinaonyesha nini, na wewe mgonjwa au mzazi unaweza kusaidia vipi.

MAMA ALIYELALA AMEKETI

Mimi ni kijana wa kujitolea katika afya ya jamii. Kazi yangu ni kutembelea nyumba, hasa zenye watoto wadogo na mama waliojifungua. Nitaanza na habari ya mama mmoja jirani, ambaye amekubali niieleze bila kutaja jina lake, ili wengine wajifunze.

Mama huyo alijifungua salama. Baada ya mwezi mmoja nilimtembelea. Nilimpima mtoto mkono, nikauliza juu ya chanjo, nikajaza fomu yangu. Mama akaniambia, "Mwanangu, usiku silali vizuri. Nikilala chali pumzi inakata. Ninaegemea ukuta mpaka asubuhi." Nikamjibu kwamba ni uchovu wa uzazi, apumzike. Nilirudi mara ya pili na ya tatu. Kila mara mtoto alikuwa mzima, na kila mara nilimwangalia mtoto tu.

Wakati huo miguu ya mama ilianza kuvimba. Majirani wakasema amepewa sumu. Wakamletea dawa ya majani ya kutapisha. Alitapika siku mbili, akazidi kuishiwa nguvu. Niliporudi mara ya nne nilibonyeza mguu wake juu ya kifundo, na kidole changu kikaacha shimo. Hapo ndipo nilipoogopa. Tulimpeleka kituo cha afya cha kambi siku hiyohiyo, kwa machela.

Muuguzi alimkuta ameketi wima kitandani, anahema. Kabla ya kushika chombo chochote alimwomba alegeze kitambaa cha kichwani, akatazama shingo. Mshipa ulikuwa umejaa upande wa kulia, kutoka kwenye mtulinga hadi karibu na taya, na mama yuko wima. Muuguzi akaniambia, "Huyu ni moyo." Akaandika karatasi ya transferi kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka huko akapelekwa Kigali. Mimi ndiye niliyemsindikiza.

Kigali, daktari alimlaza nusu, akawasha tochi kutoka pembeni, akatazama shingo kimya kwa muda. Mama akaninong'oneza, "Anatafuta alama ya sumu?" Daktari alisikia, akacheka kwa upole, akasema, "Hapana mama. Ninasoma jinsi moyo wako unavyobeba damu." Halafu akaniita nitazame pamoja naye, akanieleza. Mengi ninayoandika hapa nilianza kuyajua siku ile, na baadaye katika mafunzo yetu.

MOYO UNAFANYA KAZI GANI?

Moyo ni pampu. Una pande mbili. Upande wa kulia unapokea damu inayorudi kutoka mwilini na kuisukuma kwenye mapafu ili ichukue hewa safi. Upande wa kushoto unapokea damu hiyo kutoka kwenye mapafu na kuisukuma mwili mzima.

Damu inayotoka kwenye moyo hupita katika mishipa yenye nguvu inayoitwa ateri. Damu inayorudi hupita katika mishipa laini inayoitwa vena. Vena kubwa za shingo zinaitwa vena za jugula. Zinaleta damu kutoka kichwani na kuimwaga karibu moja kwa moja katika chumba cha juu cha kulia cha moyo.

Sasa fikiri juu ya pampu ya maji ya kambi. Kama watu wanaleta maji kwenye tangi kwa kasi na pampu imechoka kuyatoa, tangi linajaa na maji yanarudi nyuma. Ndivyo moyo uliodhoofika unavyokuwa. Damu inayorudi haipati nafasi ya kupita upesi. Inajazana katika vena. Maji yake yanapenya na kuingia miguuni, tumboni na kwenye ini. Upande wa kushoto ukichoka, maji yanajazana kwenye mapafu, na mtu anakosa pumzi akilala.

MPIRA WA FUNDI MWASHI

Kwa nini shingo? Wengi wetu tumemwona fundi mwashi akipima usawa wa ukuta. Anatumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, umejazwa maji. Anainua ncha moja, na maji ndani ya mpira yanamwonyesha kimo cha maji ya upande wa pili, hata kama hauoni.

Vena ya jugula ya ndani, upande wa kulia, ni kama mpira huo. Imenyooka kuelekea moyoni, na njia iko wazi karibu kabisa. Kimo cha damu ndani ya vena hiyo kinaonyesha shinikizo lililoko katika chumba cha kulia cha moyo. Hatuwezi kufungua kifua ili tuangalie, lakini tunaweza kutazama kimo cha damu shingoni. Ndiyo sababu madaktari wanapendelea upande wa kulia: upande wa kushoto una kona zaidi na unaweza kudanganya.

Njia hii ni ya zamani. Mwaka 1930 daktari Thomas Lewis wa London alieleza namna rahisi ya kupima kimo hicho akitumia mfupa wa kifua kama alama. Mpaka leo wanafunzi wa udaktari wanafundishwa njia hiyo. Kwa sisi tunaoishi mbali na mashine kubwa ina faida zaidi, kwa sababu inahitaji macho, mwanga na uvumilivu tu.

KIPIMO KINAFANYIKAJE?

1. Mgonjwa analala nusu. Mgongo unaegemea kwa mwinuko wa nyuzi 45 hivi, yaani katikati ya kulala na kuketi. Kichwa kinawekwa juu ya mto ili misuli ya shingo ilegee. Misuli ikikaza, mshipa hauonekani.

2. Shingo na sehemu ya juu ya kifua vinaachwa wazi. Mkufu, skafu au mtandio vinaondolewa au kusogezwa kwa muda.

3. Mgonjwa anageuza kichwa kidogo kuelekea kushoto. Kidogo tu.

4. Mwanga unatoka pembeni. Mwanga wa mbele unaficha mshipa. Mwanga wa pembeni unatengeneza kivuli, na mdundo mdogo unaonekana.

5. Daktari anatafuta mahali pa juu kabisa ambapo mshipa unacheza. Hapo ndipo kimo cha damu kinapoishia.

6. Anapima kimo hicho kutoka kwenye kinundu cha mfupa wa kifua. Unaweza kukisikia mwenyewe: weka kidole kwenye shimo lililo chini ya koo, ushuke polepole juu ya mfupa wa katikati, utakutana na kituta kidogo. Hicho ndicho kinundu chenyewe.

7. Urefu unapimwa wima, kama fundi anavyopima nguzo. Daktari anasimamisha rula juu ya kinundu na kulaza karatasi au kalamu kutoka kwenye mshipa hadi kwenye rula.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kimo hakizidi sentimita 3 juu ya kinundu. Chumba cha kulia cha moyo kiko karibu sentimita 5 chini ya kinundu, kwa hiyo madaktari wanaongeza 5. Jumla ya kawaida haizidi sentimita 8 za maji. Ikizidi hapo, shinikizo limepanda.

Kuna na njia ya haraka. Mtu akiwa ameketi wima kabisa, ametulia, haongei wala hakohoi, na vena ya shingo bado inaonekana imejaa juu ya mtulinga, shinikizo limepanda. Hiki ndicho muuguzi wetu alichokiona kwa yule mama.

Wakati mwingine daktari anabonyeza tumbo kwa kiganja, polepole, kwa sekunde 10 hadi 15, huku akitazama shingo. Kwa mtu mzima wa afya mshipa unapanda kidogo kisha unashuka upesi. Kwa moyo uliochoka unapanda na kubaki juu mpaka mkono uondolewe. Usishangae basi ukibonyezwa tumbo wakati ugonjwa wako ni wa moyo. Kama tumbo linauma, mwambie daktari kabla hajabonyeza, kwa sababu maumivu na kukaza tumbo vinaharibu kipimo.

JE, NI VENA AU NI ATERI?

Shingoni kuna mishipa ya aina mbili, na hata wenye ujuzi wanaweza kuchanganya. Daktari anatofautisha hivi:

- Mdundo wa ateri unasikika kwa kidole na una nguvu. Mdundo wa vena unaonekana kwa macho, lakini ukiweka kidole hausikii kitu.
- Ateri inapiga mara moja kwa kila pigo la moyo. Vena kwa kawaida inacheza mara mbili, kwa ulaini, kama inatetemeka.
- Ukigandamiza taratibu chini ya shingo juu ya mtulinga, mdundo wa vena unapotea. Wa ateri unaendelea.
- Mtu akiketi zaidi, kimo cha vena kinashuka. Akilala zaidi, kinapanda. Ateri haibadiliki hivyo.
- Mtu akivuta pumzi ndani, kimo cha vena kwa kawaida kinashuka.

Onyo: usimbonyeze mtu pande zote mbili za shingo kwa pamoja, hata kwa mchezo. Anaweza kuzimia. Kazi ya kubonyeza mwachie mtaalamu.

SHINGO INASEMA NINI?

Mshipa uliopanda unamwambia daktari kwamba damu inajazana upande wa kulia wa moyo. Hausemi peke yake sababu ni nini. Ndiyo maana baada ya shingo daktari anasikiliza kifua, anapima tansiyo, anagusa ini, anabonyeza miguu, na akiweza anafanya ekografia ya moyo.

Mshipa usioonekana hata mtu akilala karibu chali unaweza kusema kinyume chake: damu na maji vimepungua mwilini. Tunaona hivyo kwa mtu aliyeharisha sana, aliyetapika sana, au aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Huyo anahitaji maji au damu haraka.

Mshipa wa kawaida kwa mtu aliyevimba nao una habari. Si kila uvimbe ni moyo. Miguu inaweza kuvimba kwa sababu ya figo, ini, au kukosa chakula chenye protini, kama tunavyoona kwa watoto wenye utapiamlo. Mtu akiwa amevimba miguu na tumbo lakini vena ya shingo haijapanda, daktari anaanza kufikiria sababu hizo nyingine. Ikiwa imepanda, anatazama moyo kwanza. Kwa hiyo kipimo hiki cha dakika mbili kinaweza kuonyesha njia ya kufuata, na kumwepusha mgonjwa na dawa isiyo yake.

MAGONJWA GANI YANAPANDISHA MSHIPA?

Haya ndiyo yanayotuhusu sana katika eneo letu.

Moyo kudhoofika baada ya uzazi. Kuna mama ambao moyo wao unadhoofika kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kujifungua. Ndiyo hali iliyompata jirani yangu. Inadanganya kwa sababu miguu kuvimba na uchovu ni mambo ya kawaida kwa mja mzito. Tofauti ni hii: kukosa pumzi ukilala chali, kuamka usiku unatafuta hewa, na uvimbe unaoongezeka baada ya kujifungua badala ya kupungua.

Misuli ya moyo kuchoka kwa sababu nyingine. Hospitali za wilaya za Rwinkwavu na Kirehe, mashariki mwa Rwanda, zilianzisha kliniki za magonjwa yasiyoambukiza kuanzia mwaka 2006, na wauguzi wakafundishwa kutumia ekografia rahisi ya moyo. Wagonjwa wengi wa moyo waliopatikana huko walikuwa na udhaifu wa misuli ya moyo, na wengi wao hawakuwa wazee.

Moyo ulioharibiwa na ugonjwa wa koo. Mtoto anaumwa koo kwa sababu ya bakteria, hatibiwi vizuri, viungo vinamuuma na kuvimba, na baadaye vilango vya moyo vinaharibika. Ugonjwa huu unapenda mahali penye msongamano, na sisi tunajua msongamano ni nini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapima kwa ekografia watoto wa shule 2,501 katika wilaya ya Gasabo, Kigali. Watoto 17 walikuwa na dalili za ugonjwa huo, yaani karibu 7 kwa kila 1,000. Mtoto akitibiwa koo mapema kwa dawa aliyoandikiwa, moyo unalindwa. Aliyekwisha kupata ugonjwa anahitaji sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Vilango vikiharibika kabisa inabaki upasuaji. Tangu mwaka 2008 kikundi cha Team Heart kutoka Marekani kimekuwa kikija Kigali kufanya upasuaji huo katika Hospitali ya King Faisal. Lakini nafasi ni chache kuliko wagonjwa. Kutibu koo ni rahisi zaidi.

Tansiyo ya juu. Shinikizo la damu lisilotibiwa kwa miaka linachosha moyo. Mtu anaweza asisikie dalili yoyote. Pimeni tansiyo kila mnapopita kituo cha afya.

Kifua kikuu cha mfuko wa moyo. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu peke yake. Kinaweza kuingia kwenye mfuko unaozunguka moyo, ukajaa maji au ukawa mgumu, na moyo ukabanwa. Hapa shingo inaonyesha kitu cha ajabu: mgonjwa akivuta pumzi ndani, mshipa badala ya kushuka unapanda, hasa mfuko ukishakuwa mgumu. Mwenye kikohozi kirefu, homa za jioni na kukonda, kisha akaanza kuvimba, asikawie.

Ukuta wa ndani wa moyo kuwa mgumu. Mwaka 1948 daktari J.N.P. Davies wa Uganda alieleza ugonjwa ambao ukuta wa ndani wa moyo unakuwa mgumu kama kovu. Mgonjwa anakuwa na tumbo kubwa lenye maji na mishipa ya shingo iliyojaa sana, lakini miguu inaweza kuvimba kidogo tu. Tunautaja kwa sababu watu wenye tumbo la namna hiyo ndio wanaosemwa sana kwamba wamelogwa.

Magonjwa ya mapafu ya muda mrefu. Moshi wa kuni ndani ya nyumba iliyofungwa na sigara vinaharibu mapafu, na upande wa kulia wa moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu mpaka unachoka.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Nikiimba, nikikohoa au nikiinua jerikani, mishipa ya shingo inatokeza. Je, ni mgonjwa?
Hapana. Kila mtu akijikaza, damu inazuiwa kwa muda kurudi kifuani na mishipa inatokeza. Hata mtoto akilia. Kinachotazamwa ni mshipa wa mtu aliyetulia.

Ninaweza kujipima mwenyewe kwa kioo?
Unaweza kuona mshipa, lakini usijiamulie ugonjwa. Wengine wana shingo nene na mshipa hauonekani ingawa moyo ni mgonjwa. Wengine wana shingo nyembamba na mishipa inaonekana ingawa wako wazima. Ukiona mshipa umejaa huku umeketi na umetulia, njoo kituo cha afya.

Mimi ni mwanamke, na dini yangu inanitaka nifunike shingo. Nifanyeje?
Una haki ya kuomba muuguzi mwanamke awepo, au ndugu yako, na pazia lifungwe. Mtandio unafunguliwa kwa dakika chache tu, halafu unajifunika. Usikatae kipimo kwa kuogopa. Sema unachohitaji.

Je, watoto wadogo wanapimwa hivyo?
Kwa watoto wachanga ni vigumu, kwa sababu shingo ni fupi na wanalia. Daktari anategemea zaidi kuvimba kwa ini, kupumua haraka, na mtoto kutoka jasho au kuchoka akinyonya.

Nimeambiwa ni sumu. Nifanye nini?
Njoo kwanza. Hatutakucheka. Lakini dawa za kutapisha na za kuharisha zinaweza kumuua mtu mwenye moyo dhaifu. Na kama umekwisha kuzinywa, mwambie daktari ukweli, ili asikupe dawa zitakazogongana nazo.

UNAWEZA KUSAIDIA VIPI?

Daktari anapotazama shingo yako, tulia. Pumua kawaida. Usiongee na usiinue kichwa. Ukishindwa kulala nusu kwa sababu ya pumzi, sema mara moja, wala usijikaze ili kumpendeza daktari. Hiyo nayo ni dalili anayotaka kuijua.

Baada ya kipimo una haki ya kuuliza: "Mshipa wangu wa shingo uko vipi leo? Umepanda au umeshuka kuliko mara iliyopita?" Swali hilo ni zuri, kwa sababu kipimo hiki kinafaa hata kufuatilia matibabu. Dawa zikifanya kazi, maji yanapungua na mshipa unashuka.

Kwa aliyekwisha kuambiwa ana ugonjwa wa moyo:

- Kunywa dawa kila siku, hata ukijisikia vizuri. Dawa ya kukojosha inywe asubuhi ili usiku ulale. Usimpe jirani dawa yako, wala usikope ya jirani.
- Punguza chumvi. Kumbuka chumvi iko pia katika makayabu na katika vidonge vya Maggi.
- Pima uzito. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, ni maji, si mafuta. Rudi kituoni. Kama hupati mizani, angalia viatu na pete: vikianza kubana ghafla, ni dalili.
- Ukiwa mwanamke uliyepata ugonjwa wa moyo kwa sababu ya uzazi, zungumza na daktari kabla ya kubeba mimba nyingine. Mwenda naye nyumbani, yaani mume wako, aje asikie pia.
- Usipoteze karatasi ya transferi na tarehe ya kurudi. Ukikosa usafiri, mwambie mhudumu wa afya wa mtaa wako mapema, si siku ileile.

DALILI ZA KUTOKAWIA

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, au mwite mhudumu wa afya, ukiona moja ya haya:

- kukosa pumzi ukilala chali, au kuamka usiku unatafuta hewa;
- miguu kuvimba, na kidole kikibonyeza kinaacha shimo;
- tumbo kujaa upesi bila mimba;
- mshipa wa shingo umejaa ukiwa umeketi umetulia;
- kuzimia, au moyo kwenda mbio bila sababu;
- mtoto mwenye homa na viungo vinavyouma na kuhama, goti leo, kiwiko kesho, hasa baada ya kuumwa koo.

MAMA YULE YUKO WAPI LEO?

Ekografia ya Kigali ilionyesha misuli ya moyo wake imedhoofika baada ya uzazi. Alianza dawa. Tuliporudi hospitali baada ya wiki kadhaa, daktari alimlaza tena, akawasha tochi, akaniita. Mshipa ambao mara ya kwanza ulifika karibu na taya ulikuwa umeshuka hadi juu kidogo ya mtulinga. Mama akauliza, "Sasa umesoma nini?" Daktari akamwambia, "Nimesoma kwamba dawa umekunywa."

Anaendelea kunywa dawa na hatakiwi kuacha. Anachota maji kidogo kidogo, mtoto anatambaa, na usiku analala kitandani. Lakini mimi sisahau zile ziara tatu. Alikuwa ameniambia kila kitu kwa maneno yake mwenyewe, na sikumsikiliza. Siku hizi nikiingia nyumba yenye mzazi, ninauliza kwanza: "Mama, unalalaje?" Halafu ninatazama miguu, na ninatazama shingo. Fomu ninaijaza mwisho.

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Moyo nao unatoa dalili kabla haujaanguka. Tusiziite uchovu wala sumu. Tuzipeleke kwa anayejua kuzisoma.

UJUMBE WA KUKUMBUKA

1. Vena ya shingo upande wa kulia inaonyesha shinikizo lililoko moyoni.
2. Mshipa uliojaa kwa mtu aliyeketi na kutulia ni dalili ya kumwona daktari.
3. Kulala umeketi kwa kukosa pumzi si uchovu.
4. Kutibu koo la mtoto leo kunalinda moyo wake wa kesho.
5. Daktari akitazama shingo yako, tulia, kisha uliza ameona nini.

Msomee jarida hili jirani asiyejua kusoma.